Shule Katikati ya Makambi

Anayepita Wang'uru kwenye barabara ya Makutano kwenda Embu huuona mchele kabla ya kuuona mji. Magunia ya pishori yamepangwa kando ya lami, wachuuzi wanaikimbilia matatu kabla haijasimama vizuri, na nyuma ya maduka maji ya mto Thiba yanateremka mitaroni kuelekea mashambani. Mitaro ya kwanza kati ya hiyo ilichimbwa kwa majembe na watu waliosimamiwa kwa bunduki.

Kabla ya 1954, Mwea ilikuwa mbuga ya malisho, nchi ya joto na mbu ambayo Wandia, Wagichugu, Wambeere na Wakamba walikuwa wamegombania kwa miaka mingi. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi wa kumwagilia mpunga, haikuhangaika kutafuta vibarua. Mwishoni mwa 1954 ilikuwa imewafungia zaidi ya watu 70,000 nyuma ya seng'enge, wengi wao bila kesi wala hukumu, kwa kushukiwa kuwa Mau Mau, waasi waliokuwa wakipigana na utawala huo. Yakajengwa makambi Thiba, Gathigiriri, Kandongu na kwingineko kwenye tambarare hiyo, na waliozuiliwa wakapewa udongo ule mweusi unaonata waupasue. Halafu, mwaka 1955, katikati ya makambi hayo pakafunguliwa kitu kingine kabisa: kambi ya wavulana yenye madarasa, karakana na uwanja wa mpira. Iliitwa Wamumu.

Ni jambo la kushangaza kidogo, na wanaolitaja hulitaja kwa namna mbili. Wapo wanaoliona kama tone la huruma katika miaka ya ukatili, na wapo wanaoliona kama ukatili ule ule uliovaa sare ya shule. Mimi naona kwamba haiwezekani kuipima Wamumu bila kwanza kuuliza wale wavulana walikuwa wamekosa nini, na nani aliwakosesha.

Tuanze na 1929. Mwaka huo wamisionari wa Kanisa la Scotland na wa African Inland Mission waliwataka waumini wao Wagikuyu waahidi kuachana na tohara ya wasichana, au waondoke. Maelfu waliondoka, na watoto wao wakatoka shuleni siku hizo hizo, kwa sababu shule zilikuwa za misheni. Wazazi wa Nyeri, Murang'a na Kiambu hawakukaa wakilalamika. Walichanga, wakakata miti, wakakandika kuta na kuezeka, wakaajiri walimu wao wenyewe. Mnamo miaka ya 1930 shule hizo zilikuwa na vyama viwili vikubwa: KISA, ambacho rais wake Johana Kunyiha alikuwa mtu wa Nyeri, na kile cha Karing'a kilichokuwa na nguvu zaidi Kiambu. Mwaka 1939 Mbiyu wa Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani, alifungua chuo cha walimu Githunguri ili shule hizo zisitegemee walimu wa misheni. Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza baada ya kurejea kutoka Uingereza.

Wasiozijua shule hizo hudhani zilikuwa vibanda vya siasa. Zilikuwa shule. Wazazi walitaka Kiingereza mapema, walitaka hesabu, walitaka mtoto asiishie kusoma Biblia kwa Kigikuyu na kulima kahawa ya mzungu. Kijana aliyeitwa Dedan Kimathi alisoma Karuna-ini, akaja kufundisha hapo hapo. Karari Njama, aliyepitia shule ya sekondari ya Alliance, naye alikuwa mwalimu kabla ya kuingia msituni.

Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na kasisi Leonard Beecher ilitoa ripoti kuhusu elimu ya Waafrika. Mpango wake ulikuwa miaka minne ya msingi, minne ya kati na minne ya sekondari, na kati ya kila ngazi kukawa na mchujo. Kwa mzazi wa Mathira au Tetu maana yake ilikuwa moja: mtoto angesoma mpaka Darasa la Nne, afanye mtihani, na kama watoto wengi wenzake arudi nyumbani. Wakati huo huo, huko Uingereza kwenyewe, serikali ilikuwa imeshughulikia elimu iliyovurugwa na vita vya Hitler kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1947 umri wa mtoto kuruhusiwa kuacha shule uliongezwa hadi miaka 15, na kati ya 1945 na 1951 mpango wa dharura uliwafundisha ualimu watu wapatao 35,000, wengi wao wakiwa askari waliotoka vitani. Kumbe ilijulikana vizuri namna ya kufidia masomo yaliyoliwa na vita. Ilitegemea tu ni watoto wa nani.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Majuma machache baadaye shule za kujitegemea zikaanza kufungwa, na mwaka uliofuata nyingi zilikuwa zimefungwa au kuwekwa chini ya misheni na bodi za elimu za wilaya. Walimu walikamatwa kwanza, maana mwalimu ndiye aliyejua kuandika barua na kuweka kumbukumbu za mkutano. Majengo mengine yaligeuzwa vituo vya homugadi. Githunguri ilifungwa, ikachukuliwa na utawala, na mahali palipokusudiwa kutoa walimu pakasimamishwa miti ya kunyongea watu. Kwa upande wa pili, wapiganaji nao hawakuzihurumia shule za misheni: zipo zilizochomwa, na wapo walimu waliouawa kwa kuhesabiwa vibaraka. Mtoto wa miaka kumi hakuwa na shule iliyo salama upande wowote.

Isipokuwa, labda, shule ya bweni. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, na alikuwa na miaka 11 alipopelekwa St Cecilia's katika misheni ya Kikatoliki ya Mathari. Alisoma pale miaka yote mibaya. Nje ya ua, mama yake alihamishwa kutoka bomani kwake kwenda kwenye kijiji cha dharura. Ndani ya ua, binti alikuwa akijifunza Kiingereza, na mwaka 1956 aliongoza darasa lake na kwenda Loreto Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewahi kusoma katika shule ya Karing'a ya Manguuo, aliingia Alliance mwaka 1955, na aliporudi likizo ya kwanza hakukuta nyumba: kijiji chao cha Limuru kilikuwa kimebomolewa. Tunawakumbuka hawa wawili kwa sababu walipenya. Mlango wa bweni ulikuwa mwembamba sana, na waliobaki nje yake ndio wengi.

Waliobaki nje walipata nini? Kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa handaki, miiba na mnara wa mlinzi. Kafyu iliamua saa ya kwenda shamba na saa ya kurudi. Kazi ya lazima ilianza asubuhi, na iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa kuchimba handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya, karibu maili 50, ili wapiganaji wasifikiwe na chakula. Waliochimba walikuwa hasa wanawake, kwa kuwa waume walikuwa msituni, kizuizini au kaburini. Mama akiwa handakini, msichana mkubwa ndiye anayekaa na mtoto mchanga. Hesabu hiyo ya nyumbani ilifunga shule nyingi kuliko amri ya gavana.

Wavulana wengine walikimbilia Nairobi. Huko waliuza magazeti, wakabeba mizigo Kariokor na Burma, wakalala popote. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizunguka jiji kwa operesheni iliyoitwa Anvil na kuwasomba Wagikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu. Wavulana walisombwa pamoja na watu wazima. Wengi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha umri, hivyo ofisa alimtazama kijana, pengine akamtazama meno, akaandika namba. Namba hiyo ndiyo iliyoamua kama ataitwa mtoto au Mau Mau. Walipelekwa Manyani, katika nyika ya Tsavo, kambi iliyofunguliwa kwa haraka na ambayo mwaka huo huo iliingiliwa na homa ya matumbo.

Manyani ndiko Geoffrey Griffin alikowakuta. Alizaliwa Eldoret mwaka 1933, akasoma Prince of Wales Nairobi, akatumikia jeshi katika vita hivi hivi kabla ya kuhamia idara ya maendeleo ya jamii iliyokuwa chini ya Thomas Askwith. Hakuwa mwalimu wa kusomea. Alikuwa na miaka kama 22, maana yake baadhi ya wale "watoto" walikaribiana naye kwa umri. Yeye na wenzake waliwatenga wavulana na watu wazima, wakawapanga kwa mabweni, wakaanza masomo. Mwaka 1955 kundi hilo likahamishiwa Mwea, Wamumu.

Mfano waliouiga ulikuwa shule ya bweni ya Kiingereza. Palikuwa na viranja, gwaride, michezo, na kaulimbiu iliyohusu ukweli na uaminifu. Masomo ya darasani yalienda pamoja na ufundi: useremala, uashi, ushonaji. Uaminifu kwa nani, hilo halikuhitaji maelezo. Kijana alitakiwa kwanza aungame kiapo cha Mau Mau na kukitupa. Aliyemaliza alitafutiwa kazi, na kwa kijana wa Kigikuyu wa 1957, aliyehitaji pasibuku na kibali hata kuvuka wilaya, jina la Wamumu lilikuwa ngao barabarani.

Sasa inafaa kutazama kilichokuwa kikiendelea katika makambi jirani. Mwaka 1957, chini ya Terence Gavaghan, makambi ya watu wazima ya Mwea yalianza kutumia mbinu ya "kuzimua": wale wasiokubali kuungama waliletwa kwa vikundi vidogo, wakavamiwa na askari na wafungwa waliokwisha kukubali, wakapigwa mpaka watii amri, kunyolewa kwanza, kisha kuvaa sare, kisha kuungama. Juni mwaka huo mwanasheria mkuu Eric Griffith-Jones alitunga maneno ya kisheria ya kuipa mbinu hiyo uhalali. Ilionekana kufaulu, ikapelekwa kambi ya Hola, na tarehe 3 Machi 1959 watu 11 wakapigwa hadi kufa. Kwa hiyo katika tambarare moja, ndani ya miaka ile ile, mvulana alikuwa akipigishwa randa ubao wa msonobari huku baba yake, au mtu wa rika la baba yake, akipigwa marungu kwenye kambi iliyo mwendo mfupi kutoka pale. Wote wawili walikuwa chini ya idara zilizozungumza juu ya "urekebishaji".

Hata hivyo watu wazima hawakungoja kufundishwa. Wale waliozuiliwa walianzisha madarasa yao wenyewe katika makambi mengi, na hili ndilo jambo ninaloliona kubwa kuliko Wamumu yenyewe. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Hapakuwa na ubao. Herufi ziliandikwa mavumbini kwa kidole, zikafutwa kwa kiganja askari akikaribia, zikaandikwa tena. Karatasi ya mfuko wa saruji ilikuwa daftari la tajiri. J.M. Kariuki, aliyekuwa amesoma Uganda kabla ya kukamatwa, aliyasimulia maisha hayo katika kitabu chake cha 1963, *Mau Mau Detainee*. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji kutoka Nyeri, aliandika shajara kizuizini na kuificha. Ilipochapishwa miaka ya 1980 ilimpatia Tuzo ya Noma. Matokeo ya madarasa hayo yaliwafikia hata mabwana: barua za malalamiko zilianza kutoka makambini kwa siri, zikifika mpaka kwa wabunge wa London, miongoni mwao Barbara Castle. Mtu aliyekamatwa hajui kuandika jina lake alitoka akiwa na sahihi kwenye waraka wa kumshtaki kamanda.

Kwa wasichana hapakujengwa Wamumu.

Wasichana nao walikamatwa. Gereza la Kamiti liliwapokea wanawake kwa maelfu, na Eileen Fletcher, Mwingereza wa dhehebu la Quaker aliyeajiriwa kuwarekebisha, alijiuzulu na mwaka 1956 akaeleza hadharani kwamba aliwakuta humo wasichana wa miaka 11 na 12 wakitumikia vifungo. Serikali ilijibu kwa kubishania umri wao. Tazama jinsi namba ile ile ilivyofanya kazi mbili: kumkadiria mvulana umri mdogo kulimfungulia mlango wa darasa, na kumkadiria msichana umri mkubwa kulimaliza maswali. Vijijini, vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza 1952, vilifundisha ushonaji, mapishi na malezi, na mara nyingi mwanachama alisamehewa baadhi ya kazi za lazima. Yalikuwa mafunzo ya kumfanya mke mtulivu. Hayakuwa Darasa la Tano.

Huko Kirinyaga, iliyokuwa bado sehemu ya wilaya ya Embu, msichana wa miaka 15 alipelekwa mwaka 1954 kwenye kambi ya mahojiano ya Gatithi kwa kushukiwa kuwapelekea wapiganaji chakula. Aliteswa humo kwa namna ambayo aliweza kuieleza mahakamani zaidi ya nusu karne baadaye. Jina lake ni Jane Muthoni Mara. Miaka 15, nakumbusha, ndiyo umri ambao mtoto wa Uingereza alilazimishwa na sheria kubaki shuleni mpaka aufikie.

Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Waliorudi walikuta ardhi imepimwa upya na kugawanywa, na shule zipo lakini nafasi hazipo. Kijana aliyeacha Darasa la Pili mwaka 1952 akiwa na miaka tisa sasa alikuwa na 17. Wengi walirudi hivyo hivyo, wakakaa dawati moja na watoto waliokuwa wafupi kuliko wao kwa mbali, wakapunguza miaka kwenye fomu ili wakubaliwe kufanya mtihani. Ndiyo sababu wazee wengi wa sehemu hizi wana umri wa aina mbili, wa kweli na wa cheti. Wengine walipewa mashamba ya mpunga Mwea, ekari nne nne, wakawa wapangaji wa serikali kwenye ardhi iliyopasuliwa na wafungwa. Wake zao waliinama majini kupandikiza miche; utafiti wa Robert Chambers na Jon Moris kuhusu mradi huo, uliotoka 1973, ulionyesha jinsi mzigo wa mpunga ulivyowaelemea wanawake huku malipo yakiingia mkononi mwa mume.

Griffin alihamia Nairobi. Mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuzuiliwa, alifungua kituo cha watoto wa mitaani katika vibanda viwili vya mabati. Ndicho Starehe, ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa shule za wavulana zinazofanya vizuri zaidi nchini. Mwaka 1964 alikabidhiwa pia Huduma ya Vijana kwa Taifa, na ukiangalia gwaride lake, ufundi wake na nidhamu yake unaiona Wamumu bila kuambiwa. Wamumu yenyewe ikawa shule ya kurekebisha watoto wanaopelekwa na mahakama, na kazi hiyo inaifanya hadi leo.

Lakini wengi waliofidiwa hawakufidiwa na Griffin wala na serikali. Baada ya uhuru Mkoa wa Kati ulirudia desturi yake ya 1929: watu walichanga, wakajenga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 shule za sekondari zisizo za serikali, nyingi zikiwa za harambee, zilikuwa zimezipita za serikali kwa idadi. Zilikuwa ghali kwa ada, maskini kwa vitabu, na walimu wake wengi hawakuwa na mafunzo. Mzazi ambaye shule yake ilifungwa akiwa Darasa la Tatu aliuza ng'ombe ili mtoto wake aketi humo. Alijua vizuri kuwa anachofidia si cha mtoto.

Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2003, mzee Kimani Maruge, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, aliamua yaliyotangazwa yanamhusu. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alijiandikisha Darasa la Kwanza huko Eldoret, akiwa na soksi ndefu na kaptula kama wenzake. Dunia ilimpiga picha, akapelekwa hadi New York. Machafuko ya 2008 yakamtupa katika kambi ya wakimbizi wa ndani, na kutoka humo akaendelea kwenda shule. Alifariki Agosti 2009.

Starehe Girls ilifunguliwa 2005, mwaka ule ule Griffin alipofariki, ikiwa ni miaka hamsini tangu wavulana wa kwanza wafike Wamumu. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, baada ya kesi ambayo Jane Muthoni Mara alikuwa mmoja wa walalamishi wake. Madai yalihusu mapigo, majeraha na unyanyasaji wa mwili, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoweza kuthibitishwa kwa daktari na kwa hati za siri zilizofichuliwa. Miaka ya shule haikuwamo kwenye hesabu.